Kimya cha Nyumba ya Paulette

Watu wakiniuliza kazi yangu nawaambia ni mtu wa sauti kwenye filamu, nao huuliza mara moja nimefanya kazi na mwigizaji gani maarufu. Hakuna. Nimefanya filamu za watu walioazima kamera kwa shemeji zao. Kwenye filamu za namna hiyo mtu wa sauti ni adui wa kila mtu. Yeye ndiye anayesimamisha shughuli ndege ikipita, ndiye anayezima friji ya wenyewe akasahau kuiwasha, na ndiye ambaye, watu wakishachoka na kutamani kwenda kula, husema: "Samahanini, bado kimya."

Maana kimya nacho hurekodiwa. Kila chumba kina kimya chake, na ukichukua cha jikoni ukakibandika chumbani, hata mtoto atahisi kwamba kuna jambo haliko sawa. Kwa hiyo kabla ya kuondoka mahali, watu wote husimama kama walivyo, hakuna kukohoa wala kuhamisha mguu, nami narekodi chumba kilivyonyamaza. Wengine huona ni upuuzi. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda, kwa sababu kwa muda huo mfupi hakuna anayejifanya.

Mwezi ule wa Machi serikali ilipotufungia ndani nchi nzima, nilikuwa Saint-Étienne, kwenye nyumba ya mama yangu, ghorofa ya nne, juu kilimani. Mama mwenyewe hakuwepo. Gari la wagonjwa lilimchukua nikiwa bado kwenye treni kutoka Paris, na akafa kwa ule ugonjwa wa pumzi, nyuma ya milango ambayo sikuruhusiwa kuipita. Muuguzi alinipigia simu akaniambia kwa sauti ya mtu aliyelia mpaka machozi yakamwishia. Mazishi yalikwenda mbio. Tulikuwa mimi, padri aliyejifunika mdomo, na wabeba jeneza ambao hawakutaka kunikaribia, nami sikuwalaumu. Kisha nikarudi nyumbani kwake nikafunga mlango. Treni zilikuwa zimepungua mpaka karibu kwisha, na huko Paris kilichokuwa kikiningoja ni chumba kimoja na mmea uliokauka.

Mama aliitwa Paulette, na alikuwa mwanamke wa kelele. Alibishana na redio. Alizungumza na sufuria, na njiwa wa dirishani, na mpigaji yeyote aliyekosea namba. Sasa nyumba yake ilinyamaza hivi kwamba nilisikia bomba la ghorofa ya juu likimeza maji. Nilikuwa nakula sardini kwenye kopo nimesimama, nimevaa gauni lake la asubuhi lenye mfuko uliochanika, na sikumbuki kama nilikuwa nachana nywele.

Ndipo Thibaud Lescarret akapiga simu. Thibaud ni mwongozaji. Amesoma shule kubwa ya filamu, anajua majina ya mataa yote, na hajawahi kushika fedha za kutosha kukodi hata moja.

"Clothilde, malkia wa sauti! Pole kwa msiba. Nina wazo."

"Pole yako imekuwa fupi."

"Ndefu nitaleta mwenyewe tukifunguliwa. Sikiliza. Filamu ya kutisha. Mwanamke kafungiwa ndani na mzimu. Yeye hawezi kutoka kwa sababu ya gonjwa, mzimu nao hauwezi kutoka kwa sababu… ni mzimu. Bajeti, sifuri! Nolwenn ataigiza akiwa kwao Brest, anajirekodi mwenyewe kwa simu. Mimi naongoza nikiwa hapa kitandani. Tunachokosa ni nyumba tu."

Nikajua anakoelekea. "Nyumba ya mama yangu haitishi, Thibaud. Ina mapazia ya maua."

"Ndiyo maana inatisha! Ungeona uso wangu sasa hivi. Nimeogopa tayari."

Ningeweza kukata simu. Lakini nilikuwa sijaongea na mtu kwa siku nyingi zaidi ya kumwambia muuza mkate "mmoja tu, asante", na mtu mwenye njaa hachagui mkate. Nikakubali. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha za vyumba vitupu kwa simu, na kurekodi kimya cha kila chumba ili akiweke chini ya vilio vya Nolwenn.

Nilianza na sebule, saa za baada ya chakula cha mchana, wakati mtaa wetu unapolala. Nikazima friji, nikasimamisha saa ya ukutani, nikaweka maikrofoni katikati ya chumba, nikakaa kwenye kiti bila kutikisika. Masikioni mwangu hakikuwepo kitu. Nikamtumia Thibaud, nikaenda kulala.

Simu iliniamsha jua likiwa bado juu.

"Nani yuko hapo na wewe?"

"Hakuna mtu."

"Acha utani. Kuna mtu kavuta pumzi, halafu kasema neno. Bo… bosenye. Lugha gani hiyo? Kilatini? Kiebrania? Clothilde, umenifanyia maajabu! Ni laana, sivyo? Niambie ni laana."

Nikavaa hedifoni na kusikiliza. Kimya, kimya, kisha pumzi ikavutwa kwa ndani, fupi, kama Mama alivyoivuta kila alipotaka kusema jambo. Halafu sauti yake ikasema neno hilo moja, polepole, karibu kabisa na maikrofoni.

Hapa kwetu hakuna anayezeeka bila kulisema neno hilo mara elfu, na ukishuka treni mbali kidogo na wilaya yetu hakuna anayelijua. Njiwa mwenye mguu mmoja, bosenye. Mchezaji wa timu yetu aliyepiga penalti ikaenda kwa watazamaji, bosenye. Rais akitokea kwenye televisheni na macho ya mtu asiyelala, Mama, ambaye hakuwahi kumpigia kura, alisema: bosenye.

"Si laana," nikamwambia Thibaud nikiwa nimekaa sakafuni. "Ni neno la huku kwetu. Maana yake ni maskini. Maskini weee."

"Maskini nani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na chumbani nilikuwa peke yangu.

Hakunisikiliza. Mtu wa Paris ukimpa neno asilolijua kwa sauti ya mwanamke mzee, ataona mishumaa na damu ya kuku. Jioni hiyo hiyo alinitumia kipande ambacho Nolwenn amejirekodi: yuko bafuni kwa wazazi wake, anasikia "bosenye", anapiga ukelele mpaka mbwa wa nyumba anaanza kubweka. Kilikuwa kipande kizuri, kusema kweli. Nikakitazama mpaka mwisho nikitamani kumwambia yule msichana, usiogope, anakuonea huruma tu.

Tangu hapo nikawa mwanamke mwenye bidii. Nilirekodi kimya cha jikoni, cha bafu, cha ushoroba, cha kabati la nguo. Thibaud hakuwa amekiomba hata nusu yake. Wakati wa kurekodi sikusikia chochote, lakini nikirudia kusikiliza alikuwepo. Pumzi, kisha neno. Wakati mwingine neno halikuja, ilikuwa pumzi peke yake, ikizunguka chumba kutoka kwenye sinki mpaka dirishani, na mimi nilijua yuko wapi na anatazama nini. Sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa na furaha ya kijinga, kama mtoto aliyeambiwa leo haendi shule. Watu nchi nzima walikuwa wamefungiwa peke yao, na mimi nilikuwa na Mama.

Ila ile pumzi haikuwa ikibaki ilivyo.

Mwanzoni nilijidanganya kwamba ni maikrofoni. Nikabadilisha waya. Lakini mtu wa sauti hawezi kuyadanganya masikio yake kwa muda mrefu. Kila siku pumzi ilikuwa fupi zaidi, ilikwama katikati, ilipanda kwa tabu kama mtu anayebeba mizigo ngazi zote za jengo letu. Niliielewa vizuri. Hivyo ndivyo alivyopumua hospitalini, saa zile ambazo sikuwepo. Alikuwa anazirudia hapa, mbele yangu, na kila nilipomrekodi alikuwa amezidiwa.

Mtu pekee wa kumwambia alikuwa Mama Souvignet wa ghorofa ya tatu. Alifanya kazi maisha yake yote kwenye kiwanda cha utepe, na mdomo wake ulibaki mkali kama mkasi wa huko. Kila asubuhi aliweka kiti mlangoni kwake, mimi nikakaa kwenye ngazi za juu, tukanywa kahawa kila mtu yake, umbali wa ngazi nzima kati yetu.

"Wewe mtoto wa Paulette," akasema asubuhi hiyo, "umekuwa kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Kula yako ikoje?"

"Nakula."

"Unakula nini?"

"Sardini."

"Sardini! Mama yako angenifukuza kwenye jengo hili kama angejua nimekuacha ule sardini."

Nikaweka simu kwenye ngazi, nikapandisha sauti, nikambonyezea kimya cha jikoni cha siku iliyotangulia. Mama Souvignet alisikiliza kikombe kikiwa hewani. Pumzi ilipoanza kukwaruza alifumba macho. Neno liliposemwa aliweka kikombe chini.

"Ni yeye," akasema, bila mshangao wowote, kama aliyeulizwa nani amepita ngazini. "Sasa huyu mwanamke bado anahangaika nini huku? Nani alimfungulia dirisha?"

"Dirisha gani?"

"Mtu akikata roho unafungua dirisha, mwanangu. Bibi yako alifunguliwa, mume wangu nilimfungulia mwenyewe, na ilikuwa Januari na theluji ikaingia mpaka kitandani. Kule hospitali walimfungulia?"

Madirisha ya kule hayafunguki. Nilikuwa nimeyaona kutoka chini, nimesimama kwenye maegesho ya magari nikijaribu kukisia la kwake ni lipi.

"Basi hiyo ndiyo shida. Kapanda akarudi kwake. Kamfungulie, umwache aende."

Sikutaka. Nilikaa siku nzima nikijipa sababu: ni ushirikina wa wazee, kuna baridi, dirisha la sebule linakwama. Ukweli ni kwamba nilijua akienda nitabaki na bomba la maji la ghorofa ya juu. Lakini nilikuwa nimeisikia ile pumzi. Jioni nikalisukuma dirisha kwa bega mpaka likaachia, nikalifungua lote, nikasimama pembeni kama anayempisha mgeni. Nilikuwa nimesahau saa. Mara mtaa mzima ukatoka madirishani na kuanza kupiga makofi na kugonga sufuria, kwa ajili ya wauguzi, kama walivyofanya kila jioni saa mbili usiku. Nikafikiri, haya, kama ni kuondoka, Mama ameondoka kwa shangwe, angependa. Nikacheka na kulia kwa pamoja, nikafunga dirisha.

Kesho yake nikarekodi. Alikuwepo. Pumzi ilikuwa inakatika kati ya neno na neno, ila neno lilikuwa moja tu, na alilisema mara mbili: bosenye, bosenye.

Nilifurahi. Nalisema kama lilivyo, nilifurahi kwa kiasi cha kuvuta pumzi moja. Halafu nikaisikia yake, nikaona aibu kubwa sana.

"Hajaenda," nikamwambia Mama Souvignet kwenye ngazi. "Hali yake imezidi kuwa mbaya. Dirisha halikusaidia."

Alinitazama kuanzia nywele mpaka soksi, na ile soksi moja iliyokuwa ya Mama akaitazama zaidi.

"Paulette alipokuwa anakuja kwangu kula," akasema mwishowe, "hakuwahi kuondoka kabla hajahakikisha vyombo vyangu vimeoshwa. Nilimfukuza, haondoki. Nilimwambia nitaosha kesho, haondoki. Sasa jitazame, binti. Umevaa gauni lake, unanuka samaki, unalia mpaka ngazini nakusikia. Anayeitwa maskini hapo ni nani, njiwa? Umemfungulia dirisha, sawa, lakini atakuachaje hivi?"

"Mimi sijamshika."

"Hujamshika. Huruma ndiyo imemshika."

Nikapanda juu. Nikakaa kitandani kwa Mama nikaelewa kazi iliyo mbele yangu, na nikaelewa pia kwamba siijui. Mimi hukaa nyuma ya waya. Hata kwenye picha za shule nilifumba macho. Nikampigia Thibaud.

"Mtu akitaka kuigiza kwamba ana furaha, anafanyaje?"

"Kwa nini? Unataka nafasi ya Nolwenn? Nolwenn ni ghali, kanidai kilo ya kahawa."

Nikamweleza yote. Nilimwambia kwamba ile laana yake ni mama yangu mzazi, kwamba anateseka, na kwamba nataka kile kipande cha kwanza chenye sauti yake kifutwe kwenye filamu. Nilitegemea anicheke au aseme ni wazo zuri, tuliandike.

"Clothilde," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anaongoza kitu. "Nakifuta. Badala yake mjomba wangu atanisomea Kilatini, ana sauti nzito. Na pole. Ile ya kwanza sikuisema vizuri."

"Asante."

"Sasa furaha. Kwanza usicheke. Waigizaji wabovu wote hucheka. Usimtazame anayekutazama. Tafuta kitu cha kufanya kwa mikono, kitu unachokijua, na ukitake kweli. Kama ni kupika, taka kile chakula. Mtu mwenye furaha hana muda wa kuonyesha ana furaha."

Kesho yake niliosha nywele. Nililifua gauni la Mama, nikalianika, nikavaa suruali yangu. Nikanunua viazi, nikavikuna vyote kwa mkono, nikavikamua maji kwenye kitambaa, nikatia yai na chumvi, nikavikaanga vikawa chapati zile za kwetu ambazo kingo zake hulia ukizitafuna. Nilikuwa nimefikiria kukata kitunguu, ili machozi yakija yawe na sababu. Lakini Mama hakuwahi kuruhusu kitunguu kwenye chapati zile, alisema ni tabia za watu wa Lyon, angejua papo hapo kwamba nimeficha jambo. Nikakuna bila msaada.

Nikaacha mlango wazi. Mama Souvignet, niliyekuwa nimemweleza, alisimama ngazini na chupa ya divai akapaza sauti.

"Harufu hiyo inanitoa kwangu! Nani amekufundisha?"

"Mama."

"Mbona zake ziliungua?"

"Ziliungua kwa sababu ulikuwa unampigia porojo!"

Hilo sikuliigiza, lilitoka lenyewe. Nilimwekea sahani kwenye ngazi na kurudi nyuma, akaichukua, tukala yeye chini mimi juu, tukimsengenya marehemu kwa sauti kubwa, jinsi alivyobana senti, jinsi alivyomtukana mwamuzi mpaka televisheni ikaharibika. Nilikuwa na njaa kweli. Kisha nikaosha vyombo vyote, nikavipanga, nikazima friji, nikakaa jikoni kurekodi.

Pumzi ilikuwepo, ila ilishuka taratibu. Nilingoja neno. Halikuja.

Nikaendelea hivyo kila siku, na msinione shujaa, ilinichosha kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Nilimpigia binamu yangu ambaye hatuna la kuzungumza, tukalizungumza. Jioni nilisimama dirishani nikapiga makofi na kumtania jirani wa ng'ambo kwa jinsi alivyogonga sufuria nje ya mdundo. Nilitandika kitanda. Kuna nyakati nilisahau kwamba ninaigiza, na nyakati hizo ndizo zilizoniuma baadaye, kwa sababu nilihisi nimemsaliti. Machozi yakinijia nilikwenda kulia dukani, kwenye foleni, ndani ya barakoa, ambako Mama asingeniona.

Pumzi yake ikawa nyepesi. Ikawa ya mtu aliyelala. Halafu siku moja, kwenye kimya cha sebule, akaivuta ile pumzi yake fupi na kusema:

"Haya. Mimi niende."

Nikarudia kusikiliza mpaka masikio yakaniuma. Kila mtu wa kwetu anajua maana ya maneno hayo, na maana yake si kuondoka. Mama akisema "haya, mimi niende" alikuwa anavaa koti, kisha anakumbuka habari ya binti wa mwoka mikate. Akifika mlangoni anasimama na mkono kwenye kitasa akaanza habari nyingine. Ngazini anageuka. Baba, alipokuwa hai, alikuwa akisikia maneno hayo anarudi kukaa na kufungua gazeti.

Kwa hiyo sikushangaa kesho yake alipokuwa bado yupo. "Haya, mimi niende," akasema jikoni. Akasema tena kwenye ushoroba. Sauti yake ilikuwa nzima sasa, haina kikwazo, sauti ya Jumapili. Nilicheka peke yangu na hedifoni kichwani, na humo ndani ya kicheko nikaomba habari ya binti wa mwoka mikate isiishe.

Mara ya mwisho nilirekodi kimya cha mlango wa mbele. Thibaud alikuwa anakihitaji kweli, kwa tukio la mwisho. Nilisimama hapo na kitambaa cha vyombo mkononi, na ingawa masikioni hakukuwa na kitu nilijua amesimama upande wa pili wa maikrofoni, koti mwilini. Nilikuwa na neno kooni. Lilikuwa dogo tu: bado kidogo, Mama. Angelisikia, angevua koti, angekaa, na kesho pumzi ingeanza tena kukwama. Nikaitazama sahani iliyokuwa kwenye meza, nikaichukua, nikaifuta. Ilikuwa kavu. Nikaifuta vizuri, mbele na nyuma, kama mtu ambaye ana mambo yake ya kufanya na siku nzuri mbele yake, mpaka nikamaliza kurekodi.

Sikusikiliza. Nilimtumia Thibaud hivyo hivyo.

Alipiga simu baada ya muda, na hakuanza na utani.

"Nimekisikiliza chote," akasema. "Mara mbili."

"Na?"

"Ni safi, Clothilde. Hakuna pumzi wala kitu. Ni nyumba tupu."

"Vizuri. Ndicho ulichokuwa unataka."

"Nikae kwenye simu kidogo? Si lazima tuongee."

"Hapana. Nina vyombo."

Nikakata. Nikavaa hedifoni, nikakisikiliza mwenyewe kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Thibaud hakukosea. Nikaenda jikoni nikakaa sakafuni, na kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kunionea huruma, nikaruhusu kilio kije. Lakini nilijiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo nikalia polepole sana, maana zile ngazi ni nyingi, Mama alikuwa hajafika mbali, na angenisikia angegeuka.